Tusiwasahau Wapolandi wa Ifunda na Kidugala

Mwandishi, kambi ya wakimbizi Wapolandi ya Tengeru umeieleza vizuri katika makala yako, lakini huku Nyanda za Juu Kusini nako waliishi: Ifunda, Iringa, na Kidugala, upande wa Njombe. Wengi walikuwa akina mama na watoto. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wasovieti waliwang'oa kwao mashariki mwa Poland wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 wakapitia Iran hadi kwetu. Hapa walianza upya: shule yao, kanisa lao, hadi skauti wao. Vita vilipoisha wengi hawakuwa na pa kurudi, maana vijiji vyao vilishamegwa vikawa vya Umoja wa Kisovieti. Wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia.

Kambi ya Ifunda ndiyo iliyokuja kuwa shule ya ufundi. Ni vijana wangapi wamesoma pale bila kuambiwa nani aliishi hapo kabla yao? Inaniuma kweli. Makaburi yao ya Tengeru angalau wageni huyatembelea. Walimu wa historia wa Iringa na Njombe, tafadhali wapelekeni wanafunzi kwenye makaburi yao ya huku wanakili majina, kisha wawahoji wazee waliobaki wanaowakumbuka, mwaka huu huu.