Mbao za Kuharibu



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa hapa Kawetele alitusubiri mlangoni pa sakristia akiwa na binti yake. Mvua ya Rungwe ilikuwa ikinyesha kama ilivyo desturi yake, na wote wawili walikuwa wamejikinga kwa mwavuli mmoja usiotosha. Tulidhani wamekuja kwa habari ya Kipaimara. Kumbe mzee alikuwa na jambo jingine.

"Baba Paroko," alisema, "huyu mwanangu hakufeli. Kwa nini wanampeleka kwenye useremala?"

Shule aliyopata binti yule imefungua mkondo wa amali, naye amewekwa humo. Nasi, kama ilivyo hatari ya watu waliosomea kuhubiri, tulianza kuhubiri. Tulimkumbusha Mtakatifu Yosefu. Tulimweleza kwamba Papa Pius wa 12 aliiweka sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei, mwaka 1955, ili heshima ya kazi ya mikono isisahaulike. Tulitaja hata mahema ya Mtume Paulo. Mzee alitusikiliza kwa adabu mpaka tukamaliza. Kisha akauliza swali moja tu:

"Ndaga, Baba. Lakini shule hiyo ina mbao?"

Hatukuwa na jibu. Juma zima tumekuwa tukilitafuta, na haya tunayoyaandika leo ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tueleze mkondo huu ni nini, maana wazazi wengi wanausikia kwa juu juu. Kuanzia Januari 2024, chini ya mitaala mipya, kidato cha kwanza kina njia mbili: mkondo wa elimu ya jumla tuliouzoea, na mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi husomea fani kama kilimo, ushonaji, umeme, uchomeleaji, ujenzi au huduma za hoteli, huku akiendelea na hisabati, Kiingereza na Historia ya Tanzania na Maadili. Ulianza katika shule chache zilizochaguliwa, za serikali na za binafsi. Sera yenyewe, ile ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 katika toleo lake la 2023, ilizinduliwa Dodoma mwaka 2025. Kwa hiyo binti huyu hajaadhibiwa, wala hajatupwa jalalani. Hayo tulimweleza baba yake, naye akaafiki. Swali la mbao likabaki palepale.

Tunakiri kwamba lilituuma kwa sababu yetu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika shule ambayo hatutaitaja, nasi tulisoma ufundi. Karakana ilikuwapo, tena nzuri, yenye madirisha makubwa na meza nzito zilizofungwa majiliwa. Mlango wake ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwa mtunza stoo. Tulichora randa kwenye daftari. Tulichora msumeno, tukaandika majina ya sehemu zake, tukapewa alama. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema aliyeona aibu kila aliposhika chaki kuchora kitu kilichokuwa hatua ishirini kutoka pale aliposimama. Lakini angefanya nini? Mbao zilizonunuliwa mara ya kwanza zilikwisha, na hakuna aliyeweka fungu la kununua nyingine. Hadi leo, bawaba ya mlango wa sakristia ikilegea tunamwita fundi, ingawa matokeo yetu yanasema kwamba ufundi tulifaulu vizuri.

Taifa letu limekwisha kuipita njia hii. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule iache kuwa kiwanda cha makarani. Katika miaka ya 1970 sekondari zetu zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Wazo lilikuwa jema, wala hatukubaliani na wale wanaolicheka. Lakini mwaka 1985 ulichapishwa utafiti wa Benki ya Dunia uliolinganisha sekondari za namna hii katika Kolombia na Tanzania, kazi ya Psacharopoulos na Loxley. Kwa jumla haukuona kwamba waliosoma michepuo ya kazi walipata ajira au mapato bora kuliko wenzao, ilhali kuwafundisha ufundi kuligharimu zaidi. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1965, msomi Philip Foster alikuwa ameandika kuhusu Ghana kwamba wanafunzi waliokimbilia masomo ya ukarani hawakuwa wavivu wala wenye kiburi. Walikuwa wamepiga hesabu na kuona mshahara uko wapi.

Wengine huzisoma habari hizi na kusema: basi, ufundi uachiwe vyuo. Sisi tunazisoma vingine. Kuna shule zilizotoa mafundi kweli kweli, Ifunda, Moshi, Tanga, na hapa jirani Iyunga ya Mbeya. Hizo zilikuwa shule za ufundi zenye mashine na walimu waliojua kazi. Mahali pengi penginepo mchepuo ulikuwa jina kwenye kibao cha shule. Na Elimu ya Kujitegemea, tuseme ukweli, katika shule nyingi iligeuka kuwa kulima shamba na kubeba kuni, tena mara nyingine kuni za nyumba ya mwalimu. Mtoto aliyetoka huko hakujifunza kilimo. Alijifunza kukichukia.

Majirani zetu wa Kenya nao walipita humo. Mfumo wao wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliweka masomo ya kazi za mikono, na wazazi wakachangishwa kwa harambee wajenge karakana. Masomo yale yalipunguzwa baadaye kwa sababu ya uzito na gharama zake. Kujenga ukuta ni rahisi kuliko kuujaza vifaa kila mwaka, na ukuta ndio hupigwa picha siku ya ufunguzi.

Siku ya Jumatano tulikwenda kwa fundi mmoja mwenye banda lake kando ya barabara iendayo Kyela. Ana vijana watatu wanaojifunza kwake. Tulimwuliza inagharimu nini kumfanya mtu seremala. Alicheka, akafuta vumbi kwenye kigoda ili tukae.

"Baba, kijana akija kwangu, mwaka wa kwanza ni hasara tupu. Anapinda msumari, anapasua ubao, anapima vizuri halafu anakata kifupi. Nikimgombeza sana anauogopa msumeno. Nisipomgombeza, ananimaliza mtaji."

"Sasa unafanyaje?"

"Nampa mabanzi. Nakwenda kwa wapasua mbao, wananipa yale maganda ya msindano na mlingoti ambayo wangechoma. Anaharibu hayo. Akishaweza kuunganisha ulimi na tundu bila kuacha nafasi, ndipo nampa ubao wa mteja. Na ule wa kwanza wa mteja, Baba, nakaa karibu."

Hapo ndipo tuliposikia jibu la mzee wetu. Mtu hajifunzi ufundi mpaka aharibu. Anayejifunza historia akikosea, mwalimu hupitisha kalamu nyekundu na gharama imekwisha. Anayejifunza useremala akikosea, ubao umekwenda. Anayejifunza kuchomelea hutoboa bati na kumaliza vijiti. Hata hapa kwetu, penye miparachichi iliyobadili maisha ya familia nyingi, anayejifunza kubebesha miche ya Hass huua miche mingi kabla ya mkono wake kuzoea kisu. Shule isiyo na fungu la kuharibu haitafundisha amali, hata ikiwa na karakana kama kanisa kuu. Itachora randa.

Na fungu hilo liko wapi? Ruzuku ya uendeshaji tuliyoizoea kwa miaka mingi ilipangwa kwa hesabu ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, vitabu vikiwemo. Hesabu ile ilifikiria chaki, karatasi za mitihani na matengenezo madogo. Haikumfikiria mtoto anayepasua mbao. Aidha kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi wanayolipa waajiri. Jina lake linatamka ufundi, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha zake ilikwenda kwenye mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Hatuwaonei kijicho wanavyuo. Wengine ni watoto wa parokia hii. Ila fundi wetu wa barabarani angeshangaa kusikia hivyo, nasi tunashangaa pamoja naye.

Muda nao ni mfupi. Kwa mpango ulivyo, watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, sambamba na darasa la saba lililo mbele yao. Mwaka 2028 vizazi viwili vitabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Tusipoangalia, amali itakuwa mahali pa kuwaweka waliozidi.

Wako waliolitatua jambo hili zamani, tena kwa njia isiyohitaji waraka. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda walifundisha useremala, uashi na ufundi mwingine katika karakana zilizokuwa zikifanya kazi za kweli: milango ya hospitali, mabenchi ya makanisa, meza za shule. Mwanafunzi aliharibu, lakini karakana ilikuwa na wateja, na mabanzi ya kazi kubwa yalikuwa daftari la mwanafunzi. Hatusemi kila sekondari ya kata iwe Peramiho. Tena tunajua hatari yake: kazi ikizidi, mwanafunzi hugeuzwa kibarua asiyelipwa, nasi tumekwisha kusema habari za kuni. Lakini shule inayotengeneza madawati yake yenyewe, na ya shule za msingi zilizo jirani, ina sababu ya kununua mbao kila muhula.

Ina sababu pia ya kumwita fundi. Walimu wa amali ni wachache, na mwenye shahada ya ufundi si lazima awe ameshika msumeno kuliko yule wa barabarani. Kwa zaidi ya miaka 10 VETA imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini. Kwa nini fundi aliyepimwa namna hiyo asilipwe kwa saa, asubuhi mbili kwa juma, akasimama karibu na mwalimu? Tulipomwuliza yule wa barabara ya Kyela kama angekubali, alinyamaza kidogo. "Watanikubali na hii darasa la saba yangu?" Hilo nalo hatukuwa na jibu lake.

Basi, sisi tutafanya nini, mbali na kuandika? Kigango chetu kimoja kinamalizia kuezeka, na kinahitaji mabenchi na madirisha. Alhamisi tulipeleka pendekezo kwa Halmashauri ya Walei: nusu ya mabenchi yatengenezwe na wanafunzi wa amali wa shule ile, chini ya fundi, parokia inunue mbao pamoja na ziada ya kuharibika. Mjadala ulikuwa mkali. Mtunza hazina wetu, ambaye tunamheshimu kwa kila shilingi anayoilinda, alisema waamini hawatatoa zaka ili wakalie mabenchi yanayoyumba. Mama mmoja alimjibu kwamba ya sasa yanayumba pia, na yalitengenezwa na watu waliolipwa. Tulipiga kura. Pendekezo limepita kwa kura mbili, kwa sharti la kuanza na mabenchi sita.

Mwalimu mkuu wa shule ile amekubali, na ametuomba tuwasihi wapasua mbao wa Kiwira na Tukuyu wasiyachome mabanzi yao. Tunawasihi. Yaletwe uani kwa parokia siku yoyote.

Jioni ya Ijumaa tulimpitia mzee nyumbani kwake, tukamweleza yote haya juu ya kikombe cha chai. Safari hii tulimwuliza na binti mwenyewe, jambo ambalo Jumapili hatukulifanya, na tunaona haya. Alisema anapenda hesabu, na anataka kujua kwa nini dirisha la chumba chao halifungi tangu lilipowekwa. Baba yake alilitazama dirisha kwa muda. Hakusema kwamba amekubali. Alisema Jumapili atakuja na banzi begani, aone kama Baba Paroko anatania.

Tumemwambia alete mawili.