Uchambuzi: Baharini mwamuzi ni nani?

Katika kandanda, mwamuzi hupuliza kipenga na mchezo ukasimama. Katika mashindano ya mashua za matanga mambo ni tofauti: mara nyingi mshindi hajulikani kwenye mstari wa kumalizia, bali ndani ya chumba, saa kadhaa baada ya matanga kushushwa.

Hilo lilidhihirika katika michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Tarehe 17 Agosti, katika mji wa Qingdao, mabaharia wa Denmark, Jonas Warrer na Martin Kirketerp, walikuwa wakielekea kwenye mbio za mwisho za mashua aina ya 49er, huku wakiongoza kwa pointi, mlingoti wao ulipovunjika. Walirejea pwani haraka, wakaazima mashua ya Croatia ambayo haikufuzu kwa mbio hizo, na kuvuka mstari wa kuanzia sekunde chache kabla ya muda wa dakika nne uliowekwa kumalizika. Walimaliza wa saba, na pointi zikawatosha kutwaa dhahabu.

Hata hivyo, dhahabu hiyo ilipingwa. Hoja ilikuwa kwamba walibadilisha mashua bila kupata idhini kwanza. Iwapo wangeondolewa, Hispania ingepanda kutoka fedha hadi dhahabu, na Italia, iliyoshika nafasi ya nne, ingepata shaba. Jopo la waamuzi lilisikiliza shauri hilo na kuamua kwamba matokeo yabaki kama yalivyo. Italia na Hispania zilikwenda katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, nayo ikazitupilia mbali rufaa zao.

Mshindani ndiye mlalamikaji

Ili kufahamu uzito wa tukio hilo, ni vyema kutazama namna sheria za mchezo huu zinavyofanya kazi. Msingi wake ni uaminifu. Mashua inayopata upepo kutoka upande wa kushoto, kwa mfano, sharti iipishe ile inayoupata kutoka kulia. Anayekiuka anatakiwa kujiadhibu mwenyewe palepale, kwa kuizungusha mashua yake mara mbili. Aliyegusa boya huzunguka mara moja.

Akikataa, mpinzani wake hutamka kwa sauti kwamba anapinga, na ikiwa mashua yake ina urefu wa mita sita au zaidi, hupandisha pia bendera nyekundu. Kisha huandika malalamiko yake na kuyawasilisha ndani ya muda maalumu, ambao kwa kawaida ni saa mbili baada ya mashua ya mwisho kumaliza. Pande zote mbili huitwa, huleta mashahidi na kuhojiana mbele ya jopo.

Utaratibu huu humfanya baharia apime kesi yake angali majini. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, Muingereza Ben Ainslie alidaiwa na wapinzani wake wawili, Mdenmark na Mholanzi, kuwa amegusa boya. Alikana, lakini alizunguka. Ushahidi wa watu wawili dhidi ya mmoja ni mzigo mzito mbele ya jopo lolote. Siku chache baadaye alinyakua dhahabu.

Adhabu bila kusikilizwa

Penye utata zaidi ni mwanzo wa mbio. Mashua hazisimami kwenye mstari kama wanariadha. Zinakwenda, kila moja ikijaribu kuufikia mstari kwa kasi wakati ishara inapotolewa. Anayetangulia sharti arudi na kuanza upya. Asiporudi, kamati ya mashindano humwandikia adhabu bila kumsikiliza.

Ikipandishwa bendera nyeusi, sheria huwa kali zaidi. Mashua itakayoonekana imevuka katika dakika ya mwisho kabla ya kuanza huondolewa, hata kama mbio zenyewe zitaanzishwa upya.

Ni kweli kwamba anayeadhibiwa anaweza kuliomba jopo limrejeshee haki yake. Lakini hapo mambo hugeuka: ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba kamati ilikosea, ilhali kamati ndiyo iliyokuwa imesimama sambamba na mstari na yeye alikuwa katikati ya msongamano wa matanga. Si ajabu kwamba wengi hutoka chumbani mikono mitupu.

Neno la mwisho

Katika mashindano makubwa, jopo huwa la kimataifa, lenye wajumbe kutoka mataifa mbalimbali, na likifuata taratibu uamuzi wake haukatiwi rufaa kwa kawaida. Nguvu zake zilionekana Septemba 2013 mjini San Francisco, katika Kombe la Amerika. Timu ya Oracle ya Marekani ilibainika kuongeza uzito kinyume cha sheria katika mashua zake ndogo za mashindano ya awali. Jopo liliitoza faini ya dola 250,000 na kuipokonya pointi mbili hata kabla ya fainali kuanza. Ili kutwaa kombe, Oracle ilihitaji kushinda mbio 11, wakati New Zealand ilihitaji tisa tu. Ikiwa nyuma kwa 8 kwa 1, Oracle ilishinda mbio nane mfululizo na kulihifadhi kombe.

Wanaotetea mfumo huu husema kwamba mashindano ya siku chache hayawezi kusubiri mahakama, na kwamba medali haina maana ikiwa mwenye nayo hajulikani. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini hukumu isiyo na rufaa humtaka mwamuzi awe makini maradufu, kwani kosa lake halina wa kulirekebisha.

Vifaa vya setilaiti na picha za video sasa vinapunguza ubishi kuhusu nani alivuka mstari mapema. Havitamaliza kesi zote. Katika suala la Qingdao kila mtu aliona kilichotokea. Kilichobishaniwa ni maana ya sheria, na hilo bado linahitaji watu wa kuaminika mezani.