Klasiko si ya matanga, na si ya wazungu pekee

Wasee, tuongee ukweli. Hapa Lodwar unaweza kuweka amapiano kwa stetas saa nane usiku na hakuna mtu atakuuliza kitu. Weka violini saa nne asubuhi uone. "Nani amekufa?" "Umeanza kujiona mzungu?" Na mimi naongezewa moja yangu: "Si uliacha chuo? Hii ya maprofesa umeitoa wapi?"

Nimeitoa kwa simu, kama wewe ulivyotoa yako. Tuko wachache, wengine Lodwar, wengine Kakuma, tunaowekeana ngoma za klasiko na kuambiana "mimi sasa niko na hii, we uko na gani?" Hatujaomba cheti. Masikio hayaulizwi ulifika mwaka wa ngapi.

Tuanze na hii ya "si yetu". Krismasi na Pasaka kwaya inasimama kanisani inaimba Haleluya ya Handel. Wanasoma solfa, do re mi, sauti nne, na shosho yako anapanguza machozi. Hiyo imetoka kwa Messiah, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Sijawahi kusikia mtu akiambia kwaya inajiona wazungu. Sasa ndani ya kanisa ni yetu, ikitoka mlangoni inageuka kuwa ya nani?

Halafu kuna Vivaldi. Misimu Minne ilichapishwa 1725, na kila msimu una shairi linaloeleza kinachotokea kwa muziki. Fungua Kiangazi. Ni jua linachoma watu na mifugo. Ni mchungaji amechoka, anataka kulala, nzi hawamwachi, na ngurumo inamtisha kwa mbali. Mwishoni mvua ya mawe inashuka na kuharibu kila kitu. Buda, hiyo si habari ya watu wa suti. Mtu aliyechunga mbuzi jua la saa saba, na akaona Kawalase ikifurika ghafla wakati jana ilikuwa mchanga mtupu, haitaji kufafanuliwa. Na Vivaldi alikuwa anafundisha muziki Venice, kwa nyumba ya watoto walioachwa na wazazi. Wasichana wa hapo ndio walikuwa okestra yake.

Ukiwa Kakuma, tafuta Mfaransa anaitwa Messiaen. Alishikwa vitani na Wajerumani, akawekwa kambini. Humo ndani aliandika kipande cha violini, klarineti, selo na piano kinachoitwa Kwateti ya Mwisho wa Wakati. Kilipigwa mara ya kwanza kambini humo, tarehe 15 Januari 1941, wafungwa wenyewe wakiwa wapigaji. Sisemi Kakuma ni jela ya vita. Nasema kambi ya Kakuma iko tangu 1992, na kuna watu wamezaliwa humo, wamekua humo, wanaijua kazi ya kungoja kuliko profesa yeyote. Usiwaambie muziki ulioandikwa na mtu anayengoja hauwahusu.

Na hii ya "wazungu pekee" inaumiza kwa sababu nyingine. Mwaka 1803, Vienna, Beethoven alimtungia sonata George Bridgetower, mpiga violini mwenye asili ya Afrika, na wakaipiga pamoja. Baadaye wakakosana, Beethoven akatoa jina lake, akaweka la Kreutzer, ambaye hakuwahi hata kuipiga mbele ya watu. Mpaka leo inaitwa Kreutzer. Kila ukisema watu weusi hawana kitu hapa, unasaidia kufuta hilo jina mara ya pili.

"Lakini utapoteza mila yako." Anayeniambia hivi simu yake imejaa ngoma za Lagos na Johannesburg. Mwanamume wa Turkana anamtungia emong wake, yule dume anayempenda, wimbo wake mwenyewe. Mtu aliyekulia kwa hiyo anajua kukaa na muziki mrefu usio na kiitikio cha TikTok. Sikio moja likifunguka, lingine halifungi.

Kinachonikera zaidi ni hiki: wageni wakija na kamera wanataka tuwarukie edonga ama tubebe mitungi. Hakuna anayeuliza tunasikiza nini. Tumezoea kuwa picha. Halafu sisi kwa sisi tunamcheka kijana aliyejaribu kuwa kitu kingine kwa dakika tatu! Korogocho, karibu na lile jaa la Dandora, watoto wa Ghetto Classics wamekuwa wakijifunza violini na tarumbeta tangu 2008. Kinshasa wana okestra kamili tangu 1994. Sisi bado tunabishana kama kusikiza tu ni dhambi.

Na nyinyi wenzangu mnaosikiza, msijifiche nyuma yangu. Wengine wenu mnaweka namba ya opasi na jina refu la Kijerumani, basi, kama bango la cheo. Hiyo ni kufunga mlango kwa ndani. Ukiweka ngoma, sema ni dakika ngapi na itakula bando kiasi gani, kwa sababu bando ni pesa. Sema tusikize nini: "ngoja hapo dakika ya pili, selo inaingia." Sema kwa nini umeipenda. Kama hujui jina la chombo, eleza kinavyolia, tutaelewana.

Mimi sasa hivi niko na sehemu ya tatu ya Kiangazi, ile ya mvua ya mawe. Haifiki dakika tatu na nusu. Naisikiza kila wingu likikusanyika halafu linaondoka bila kunyesha, kwa sababu angalau kwa simu inanyesha.

Wewe uko na gani?