Mgeni na Kikapu Chake

Wapo wageni wanaokaa Kericho miaka mitatu wasiijue Kericho. Huishi katika nyumba za kazi, katikati ya mashamba ya chai, na kila Jumamosi hupanda gari kwenda Nakuru, mwendo wa kilomita zaidi ya 100, kununua maharagwe ya kopo, maziwa ya unga na chai iliyofungwa Uingereza. Wakirudi hulalamika kwamba huku hakuna cha kununua. Nasema waziwazi: asemaye hivyo hajafika sokoni.

Na tuitazame hiyo chai. Kilimo cha chai cha makampuni makubwa kilianza hapa katika miaka ya 1920. Majani huchumwa, hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa na kupelekwa mnadani Mombasa. Kutoka huko sehemu kubwa huvuka bahari, ikachanganywa na chai za nchi nyingine na kutiwa katika vikasha vya rangi. Basi bwana huyu huenda akawa anakunywa jani lililochumwa nyuma ya nyumba yake, naye amelilipia nauli ya kwenda na kurudi. Katika bei ile aliyechuma alipata nini? Kidogo mno.

Mimi mwenyewe sikuepukana na kosa hili. Nilipotoka Tanga kuja kufundisha katika chuo cha ualimu, nilihangaika majuma mengi kutafuta nazi na samaki wa baharini, nikainunia nchi nzima kwa kuwa haina. (Nazi nilizipata hatimaye, zilikuwa zimeoza.) Aliyeniponya ni mama mmoja muuza mboga.

"Mwalimu," aliniita, "wewe unalishwa na nani? Kila siku nakuona na kikapu kitupu."

Niliona haya. Siku ile nilinunua viazi, gorogoro moja ya maharagwe, na mboga chungu waiitayo isagek, ambayo alinieleza niipike kwa maziwa ili ukali wake upungue. Kisha akanitilia fungu jingine la nyongeza.

Wataniambia habari za maradhi. Maziwa huchemshwa na mboga huoshwa, huku kama kwao. Wataniambia kuwa mgeni hupandishiwa bei. Naam, hupandishiwa yule aonekanaye mara moja kwa mwaka. Ajaye kila juma huwa mteja, na mteja huulizwa hali ya watoto wake kabla ya kutajiwa bei.

Tena wako wageni wengine. Tangu zama za ukoloni, watu wa Kisii, Waluo na Waluhya wamekuja kuchuma chai hapa, na zamani walipewa posho ya unga tu. Hao hakuna awaitaye wataalamu. Lakini wengi wao wanajua kuamkia "Chamgei", wanajua siku ya gulio, na wanajua mursik, maziwa yale yagandishwayo katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mwenye shahada hajui hata jina la mboga iotayo penye ukuta wake.

Gari lake la Jumamosi hupita Chepseon, ambako akina mama hupanga viazi na kabeji kando ya barabara. Halisimami.