Mbegu Nyingi Si Hoja

Mwandishi aliyedai kwamba mume mwenye mbegu nyingi hana cha kuchunguzwa, na kwamba kilichobaki ni kumpima mke, amepotosha wasomaji.

Mbegu ikitoka kwenye korodani haijaweza kuogelea wala kurutubisha yai. Tena haijitengenezei protini mpya, hupewa njiani. Ndani ya epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani, vifuko vidogo mno vya utando huikabidhi protini. Tezi dume nayo huongeza vifuko vyake. Hata majimaji ya mirija ya uzazi ya mwanamke yanavyo: kwa panya, vimeonekana vikiipa mbegu PMCA4, pampu inayotoa kalisi nje. Panya dume asiye na pampu hiyo ni mgumba, maana mbegu zake hazisogei ipasavyo.

Huku Mwanza madai yale yana madhara zaidi. Mayai ya kichocho cha mkojo, ugonjwa wa madimbwi na malambo ya Misungwi na Kwimba, huweza kunasa kwenye tezi dume, mojawapo ya viungo vinavyoipa mbegu vifuko hivyo. Kuhesabu mbegu peke yake hakuonyeshi hilo.

Wanaume wenzangu wa Kanda ya Ziwa, nendeni kliniki pamoja na wake zenu, mpimwe wote wawili.