LUGHA YETU: Hakika ni Ndugu wa Haki

Ndugu msomaji, huenda jambo hili limekwisha kukupata nyumbani kwako. Unamwuliza kijana, "Umeufunga mlango wa uani?" Naye, bila kuinua macho, anakujibu, "Sure." Usiku unaamka na kuukuta mlango u wazi. Leo tusimlaumu kijana. Tulitazame neno lenyewe, limetoka wapi na lina maana gani.

Waingereza walilipokea neno "sure" kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililirithi kutoka Kilatini. Warumi walisema "securus", neno lenye vipande viwili: "se", yaani bila, na "cura", yaani wasiwasi. Kwa asili yake, basi, neno hilo humtaja mtu asiye na wasiwasi. Sisi nasi tuna usemi uliojengwa vivyo hivyo: bila shaka.

Lakini tunalo pia neno hakika. Hili lilitufikia kutoka Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na neno haki. Hapo ndipo penye tofauti. Kukosa wasiwasi ni hali ya moyo wa msemaji. Hakika ni hali ya jambo lenyewe. Mtu aweza kutulia moyo kabisa, kumbe amekosea. Ndiyo maana tuna kitenzi kuhakikisha: nenda, tazama, pima, ndipo useme.

Wakulima wa pamba wa Usukuma waliijua tofauti hiyo zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipochoshwa na mizani ya wanunuzi iliyowapunja, hawakukubali kutulizwa kwa maneno. Waliweka wapimaji wao wenyewe wauhakikishe uzito. Juhudi hizo zilisaidia kuvizaa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wake.

Hata leo huko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, pamba ingali zao kubwa la biashara. Mama aliyeipalilia na kuichuma pamoja na wanawe anajua kwamba ndani ya gunia lile mna sare za shule, sabuni na bati za nyumba. Karani akimwambia, "Mama, kilo ni hizo, bila shaka," ana haki ya kuisogelea mizani na kuisoma namba kwa macho yake. Kufanya hivyo si kumvunjia karani heshima. Wasukuma husema ng'hana, yaani kweli. Na kweli haiogopi mizani.

Basi, ndugu msomaji, tusiwakataze watoto wetu Kiingereza, kwani elimu haina mwisho. Tuwafundishe tu kwamba jibu la uhakika lina kazi yake. Kijana akikujibu tena "sure", mwambie kwa upole aende kwanza mlangoni, akalishike komeo kwa mkono wake, ndipo arudi na jibu.