Fidia Isiishie kwenye Kuta

Uamuzi wa Serikali wa kuwalipa fidia wananchi waliokuwa wamejenga katika Bonde la Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, ulikuwa uamuzi wa haki, nasi tunauunga mkono bila kusita. Bonde lile si mahali pa kulaza watoto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 na kuwaacha maelfu bila makazi, na katika miaka iliyofuata maji yamerudi Jangwani mara nyingi, yakafunga barabara na kuingia majumbani.

Wapo watumishi wa umma ambao hadi leo wananung'unika kwamba mvamizi hastahili kulipwa. Hoja hiyo ndiyo iliyotawala Desemba 2015, nyumba za bondeni zilipobomolewa bila fidia na familia zikalala nje katika msimu wa mvua. Lakini tujiulize: ni nani aliyewafungia wananchi hao umeme na maji? Ni nani aliyepokea kodi zao za majengo? Ni ofisi ngapi za serikali za mitaa zilizogonga muhuri kwenye karatasi za mauziano ya viwanja vile vile ambavyo sheria inavitaja kuwa ardhi ya hatari? Mwananchi aliyehudumiwa na Dola kwa miaka thelathini hawezi kugeuzwa mvamizi kwa usiku mmoja.

Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, ulileta mwelekeo mwingine. Majengo yalithaminiwa na kulipiwa. Wenye nyumba walipolalamika kwamba ardhi yao haikuhesabiwa, Serikali ilikubali kumwongezea kila mmoja shilingi milioni 4 kwa ajili ya ardhi, ingawa kisheria haikubanwa kufanya hivyo. Huo ni uungwana, na usemwe waziwazi.

Hata hivyo, milioni 4 hazinunui kiwanja Magomeni wala Kigogo. Mwenye fedha hizo hana budi kutazama nje ya Jiji: Kibaha, Bagamoyo, na kuifuata barabara ya Bagamoyo hadi Msata mpaka kwenye mashamba ya mananasi ya Kiwangwa, ambako ardhi bado inapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Kiwangwa ni pazuri. Lakini fundi cherehani ambaye wateja wake wote wako Kariakoo hawezi kwenda na kurudi kila siku akabakiwa na akiba ya kununulia unga.

Hapo ndipo kanuni zetu zinapokuwa nyuma ya hali halisi. Kanuni za kuthamini ardhi kwa ajili ya fidia za mwaka 2001 ziliweka posho ya usumbufu, posho ya makazi kwa kodi ya miezi 36, na posho ya usafiri wa tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20. Kilomita ishirini! Ukitoka Jangwani, umbali huo haukufikishi hata Bunju, sembuse Kiwangwa. Aliyeandika kanuni hizo alimfikiria mtu anayehamia mtaa wa jirani, si mtu anayeuacha mji na riziki yake.

Wala si mara ya kwanza kwa nchi hii kuhamisha watu kutoka bondeni. Baada ya mafuriko makubwa ya Rufiji ya mwaka 1968, wakulima walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Nyumba zilihama, lakini shamba la mpunga lilibaki bondeni, na mkulima akaendelea kulifuata huko huko kila msimu na kulala katika dungu lake. Waathirika wa mwaka 2011 walipewa viwanja Mabwepande, na wapo waliouza na kurudi mjini, karibu na vibarua vyao. Watu hao hawakuwa wakaidi, walikwenda palipo na chakula.

Kwa hiyo kazi haijaisha pale hundi inapotolewa, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki iko mikononi mwa wasomaji wa ukurasa huu. Afisa ardhi na mtendaji wa kijiji ndio wanaojua ni eneo lipi la Kiwangwa hujaa maji wakati wa masika. Wakinyamaza, aliyehamishwa Jangwani atauziwa bonde jingine na dalali mjanja. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka ugawaji wa ardhi upitie halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji, wala haitambui mapatano ya chini ya mwembe kati ya watu wawili. Mwalimu mkuu naye ampokee mtoto aliyehamishwa katikati ya muhula, asimrudishe nyumbani kwa sababu ya sare au karatasi iliyopotea kwenye maji.

Kwamba jambo hili linawezekana, Hanang imeonyesha. Baada ya maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 yaliyoua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani, Serikali na wahisani walijenga nyumba zaidi ya 100 huko Waret na kuwakabidhi waliopoteza makazi. Hawakuachiwa fedha mkononi wakahangaike peke yao na madalali.

Tunaitaka Wizara ya Ardhi ikae na halmashauri za Bagamoyo, Chalinze na Kibaha, itenge viwanja vilivyopimwa, vyenye maji na njia, na mwenye nyumba ya bondeni aonyeshwe kiwanja chake kabla tingatinga halijawashwa. Posho ya usafiri ihesabiwe kwa kilomita anazokwenda kweli. Na malipo yafanyike wakati wa kiangazi, ili mtu apate kupandisha kuta na kuezeka kabla ya masika.